Taya la juu lililotokeza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wazazi, vijana na watu wazima huja nayo wanapotaka kurekebisha meno ya mbele yaliyotoka nje. Mengine yamejibiwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayoamua matibabu yataishaje.

Nitajuaje kama taya la juu ndilo limetokeza, au ni meno tu?

Kwa macho peke yake ni vigumu, na makosa mengi ya matibabu huanzia hapa. Mtu anayeambiwa "meno yako yako nje" anaweza kuwa na mojawapo ya mambo matatu. Meno ya mbele ya juu yamelalia nje huku mfupa ukiwa sawa. Au mfupa wa taya la juu wenyewe umekwenda mbele. Au taya la juu liko mahali pake, na taya la chini ndilo lililobaki nyuma. Hali ya tatu huonekana mara nyingi zaidi kuliko ya pili, ingawa wazazi wengi hufika wakiwa na hakika kuwa kosa liko juu. Mara nyingi pia mambo mawili huwa yamechanganyika.

Lipo jaribio dogo ambalo mzazi anaweza kulishuhudia mwenyewe kliniki. Mtoto anakaa kitini, anang'ata kama kawaida, na mama anamtazama kwa pembeni: kidevu kimerudi nyuma, mdomo wa chini umejikunja chini ya meno ya juu. Kisha anaambiwa, "Sogeza taya la chini mbele, taratibu, mpaka meno ya mbele yakutane. Hapo hapo, usiachie." Kidevu kinasogea, midomo inafunga bila kukazwa, na mama aliyeingia akisema "Daktari, taya la juu la huyu limezidi" anaona kuwa uso umekaa vizuri bila taya la juu kuguswa. Hapo tatizo kubwa liko chini. Lakini kama kusogeza kidevu kumefanya mdomo wote uonekane umejaa na kutokeza zaidi, taya la juu lina sehemu yake.

Jaribio hilo linatoa mwelekeo tu. Uamuzi hufanywa kwa picha ya eksirei ya kichwa inayopigwa kutoka pembeni, eksirei ya meno yote, picha za uso na nakala ya meno iliyochukuliwa kwa vipimo. Kama mtu anataka kukufunga waya za meno siku ya kwanza bila kukwambia ni kipi kati ya hayo matatu ulicho nacho, ondoka ukatafute maoni ya pili.

Meno yakitoka nje kiasi gani ndiyo tatizo?

Kwa kawaida meno ya mbele ya juu huyatangulia ya chini kwa milimita 2 au 3. Yakizidi milimita 6 hali huhesabiwa kuwa kubwa, na yakizidi 9 ni kubwa sana. Mpangilio huu, pale magego ya chini nayo yanapokuwa yamebaki nyuma ya mahali pake, madaktari huuita daraja la pili, kwa utaratibu uliowekwa na daktari wa meno Edward Angle wa Marekani mwaka 1899.

Ila milimita siyo kila kitu. Mtoto mwenye milimita 5 ambaye midomo yake haifungi, na ambaye yuko uwanjani kila jioni, yuko hatarini zaidi ya kuumia meno kuliko mwenye milimita 7 ambaye midomo inayafunika meno.

Midomo yangu yote, ya juu na ya chini, imetokeza. Nina kasoro?

Huenda huna kasoro yoyote. Kwa watu wengi wenye asili ya Afrika, meno ya juu na ya chini huelekea mbele kwa pamoja, na midomo hujaa. Hiyo ni sura ya kawaida yetu. Picha ya eksirei ya pembeni ilianza kutumika mwaka 1931 kwa kazi ya madaktari wa meno Holly Broadbent huko Cleveland, Marekani, na Hofrath huko Ujerumani. Wastani wa vipimo uliokuja kuenea baadaye vitabuni ulitokana zaidi na nyuso za Wazungu. Daktari akiweka vipimo vya kijana wa Temeke au Kisumu juu ya wastani huo bila kufikiri, ataona "ugonjwa" mahali ambapo hakuna.

Matibabu yana maana kama midomo haifungi bila kulazimishwa, kama meno yamebanana mno, kama fizi zinakauka na kuvimba, au kama wewe mwenyewe unataka mabadiliko baada ya kuelezwa kila kitu. Ushauri kwamba lazima uso wako ufanane na wa mtu mwingine haustahili fedha zako.

Hali hii husababishwa na nini?

Urithi ndio unaoongoza. Ndiyo maana bibi akimtazama mjukuu husema, "Huyu ni babu yake mtupu."

Kunyonya kidole kunachangia sana kama kunaendelea baada ya meno ya ukubwani ya mbele kuanza kuota, kwenye miaka 6 au 7. Kidole husukuma meno ya juu nje na ya chini ndani. Mtoto akiacha mapema, meno mara nyingi hujirudi yenyewe kwa kiasi kikubwa. Pilipili na shubiri kidoleni, pamoja na kumchapa, huleta vita nyumbani kuliko matokeo. Kumsifu asubuhi aliyoamka bila kunyonya, au kumvalisha soksi mkononi usiku kwa ridhaa yake, hufanya kazi vizuri zaidi. Mtoto anayelala mdomo wazi na kukoroma apelekwe kwanza kwa daktari wa pua, masikio na koo akaangaliwe nyama za nyuma ya pua.

Sababu moja haisemwi vya kutosha kwetu, nayo ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaoitwa pia sickle cell. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu. Mwili ukijitahidi kutengeneza damu zaidi, uboho wa mifupa hutanuka, na mfupa wa taya la juu ni mmoja wa ile inayopanuka, hivyo meno ya juu yakatokeza na kuachana. Mtoto wa namna hii anaweza kurekebishwa meno, lakini kwa nguvu ndogo, kwa subira, na daktari wa meno azungumze na kliniki yake ya selimundu kabla ya kung'oa jino au kufikiria upasuaji. Usimfiche daktari habari hii kwa kuogopa atakataa.

Mwanangu ana miaka 8. Nianze sasa au nisubiri?

Kwa watoto wengi, kusubiri hadi kipindi cha kukua kwa kasi hakuharibu kitu. Tafiti zilizolinganisha watoto waliotibiwa wakiwa na miaka 7 hadi 11 na wale waliosubiri ujana zimeonyesha kuwa mwishoni meno na mataya yao hufikia mahali panapokaribiana. Walioanza mapema hupata faida moja iliyo wazi: meno yao ya mbele huumia mara chache zaidi. Upande wa pili, hutibiwa mara mbili, na familia hulipa nauli na gharama mara mbili.

Kwa hiyo anza mapema kama meno yametoka nje sana na midomo haiyafuniki, kama jino limeshavunjika kipande, au kama mtoto anataniwa shuleni mpaka hataki kwenda. Hilo la mwisho ni sababu kamili ya tiba. Mtoto anayeziba mdomo kwa mkono kila anapocheka anaumia, hata kama eksirei haionyeshi maumivu hayo.

Kama hakuna dharura ya namna hiyo, mlete apimwe, kisha arudi kuangaliwa kila baada ya miezi 6 hadi mwaka. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kati ya miaka 10 na 13, wavulana kati ya 12 na 15. Dirisha hilo likipita halirudi, na wazazi wengi hulikosa kwa sababu wameambiwa wasubiri "mpaka meno yote yaote" au "mpaka amalize shule". Asubiri, sawa, lakini akiwa chini ya uangalizi.

Katika kipindi hicho cha kukua, kuna vifaa gani?

Kinachotumika sana kwa taya la chini lililobaki nyuma ni vipande viwili vya plastiki ngumu, kimoja juu na kimoja chini, vyenye miinuko inayokutana kwa mshazari. Mtoto akifunga mdomo, miinuko hiyo inalilazimu taya la chini likae mbele. Kinaitwa Twin Block, na kilibuniwa na daktari wa meno William Clark wa Uskoti mwaka 1977. Huvaliwa mchana na usiku. Wapo madaktari wanaotaka kivaliwe hata wakati wa kula, wengine huruhusu kukivua. Kipindi chake ni kama miezi 9 hadi 12, kisha mara nyingi hufuata waya za meno, zile ambazo wengi huziita bresi.

Wiki ya kwanza mtoto huongea kama ana ubwabwa mdomoni, mate humjaa, na misuli ya mashavuni humuuma. Msomesheni nyumbani kwa sauti, gazeti au Kurani au Biblia, jioni mbili tatu, na ulimi utazoea. Kifaa hiki hushindwa kwa sababu moja kuliko zote: kukaa mfukoni au kwenye kikopo badala ya mdomoni.

Ni haki mzazi aambiwe pia kwamba kifaa hiki hakilioteshi taya jipya. Sehemu kubwa ya mabadiliko hutokana na meno ya juu kurudi ndani na ya chini kwenda mbele. Sehemu inayotokana na mfupa ni ndogo, milimita chache tu. Hata hivyo kwa mtoto aliyechaguliwa vizuri, jumla yake inatosha kuondoa haja ya kung'oa meno au kupasuliwa baadaye.

Kwa mtoto asiyeaminika kuvaa kitu cha kuvuliwa, kipo kifaa cha chuma kinachogandishwa kwenye meno, kiitwacho Herbst kwa jina la daktari Mjerumani aliyekibuni mwanzoni mwa karne ya 20. Na kama taya la juu ndilo linalokimbia mbele kweli, kuna kifaa cha kichwani chenye mkanda unaopita nyuma ya shingo au utosini, kinachozuia taya hilo lisiendelee kusogea. Huvaliwa nyumbani jioni na usiku, saa 12 hadi 14 kwa siku. Vijana hawakipendi, na siku hizi hutumika mara chache, lakini kwa mtoto anayefaa kinafanya kazi.

Mimi nina miaka 27. Nimechelewa?

Kwa mfupa, ndiyo, kifaa cha kukuza hakikusaidii tena. Kwa meno, hujachelewa hata kidogo. Jino husogea katika umri wowote ilimradi fizi na mfupa unaolishika viko salama. Ugonjwa wa fizi utibiwe kwanza. Baada ya hapo njia ni mbili: kuyapanga meno ili yafiche tofauti ya mataya, au kuyarekebisha mataya yenyewe kwa upasuaji.

Kwa nini niambiwe ning'oe meno mazima?

Swali hili linastahili jibu la kina, kwa sababu watu hukimbia wakilisikia.

Meno ya mbele hayawezi kurudi nyuma kama hakuna nafasi ya kurudia. Gego dogo la kwanza, lile linalofuata chonge, lina upana wa karibu milimita 7. Yakitolewa mawili ya juu, moja kila upande, chonge na meno manne ya mbele hupata mahali pa kurudi, na mdomo wa juu hurudi nayo kwa kiasi. Mwishoni pengo hufungwa kabisa. Magego makubwa hayaguswi, na uwezo wa kutafuna haupotei.

Shida ni kwamba meno ya nyuma nayo huvutwa mbele wakati ya mbele yanavutwa nyuma, nafasi ikaliwa na yasiyohusika. Siku hizi daktari anaweza kuweka skrubu ndogo sana za titani kwenye mfupa, zenye unene wa chini ya milimita 2, zikawa ndizo zinazobeba mvuto. Huwekwa kwa ganzi ya kawaida na hutolewa kazi ikiisha. Kwa mtu ambaye nafasi inayohitajika ni ndogo, skrubu hizo zinaweza hata kuyasogeza magego nyuma bila kung'oa chochote.

Kung'oa si sahihi kwa kila mtu. Kama taya la juu liko sawa na la chini ndilo dogo, kuyarudisha meno ya juu sana kunaweza kuubamiza mdomo na kuiacha pua na kidevu vikiwa na uwiano mbaya kuliko mwanzo. Muulize daktari swali hili kwa maneno haya haya: "Nikitoa meno haya, mdomo wangu utaonekanaje kwa pembeni?" Akishindwa kukujibu akiwa na eksirei yako mkononi, usikubali kung'oa siku hiyo. Jino la ukubwani likishatoka halioti tena.

Vipi vile vifuniko vya plastiki visivyoonekana?

Vinafaa kwa meno yaliyolalia nje kidogo au kwa wastani, kwa mtu mwenye nidhamu ya kuvivaa saa 20 hadi 22 kwa siku. Kwa tofauti kubwa ya mataya, vyenyewe havitoshi. Wanaofunga Ramadhani huona mchana ni rahisi kwa kuwa hakuna kuvua. Kazi iko usiku, kuanzia futari hadi daku, pale vinapokaa nje ya mdomo saa nyingi. Usiagize vifaa vya kujitengenezea kwa posta bila daktari kukuona na kukupiga eksirei.

Upasuaji hufanywaje, na ni kwa nani?

Ni kwa aliyekwisha kukua, ambaye tofauti ya mataya ni kubwa kiasi kwamba meno hayawezi kuificha. Wasichana husubiri hadi miaka 16 au 17, wavulana 18 na zaidi. Mpasuaji huingilia ndani ya kinywa, hivyo usoni hakubaki kovu la kuonekana. Taya la juu hukatwa juu ya mizizi ya meno, hupandishwa au kurudishwa, kisha hushikizwa kwa vibati na skrubu za titani. Mara nyingi taya la chini ndilo husogezwa mbele, au yote mawili hufanywa kwa pamoja. Kabla yake mgonjwa huvaa waya kwa mwaka mmoja hivi au zaidi, na katika muda huo sura huweza kuonekana mbaya kuliko mwanzo, jambo ambalo wengi hawaambiwi wakavunjika moyo katikati.

Uvimbe huwa mkubwa wiki mbili za kwanza. Chakula ni uji, supu na vya kusagwa, na mfupa huunga kwa wiki 6 hadi 8. Ganzi kwenye mdomo wa chini baada ya kukatwa taya la chini ni ya kawaida, na kwa baadhi ya watu haiishi yote. Hii ni kazi ya timu, mpasuaji wa kinywa na uso pamoja na bingwa wa mpangilio wa meno, kwa hiyo anzia kuulizia katika hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili au Kenyatta.

Nimekulia Arusha na meno yangu ni ya kahawia. Waya zitashika?

Zitashika, ila daktari ajue mapema. Maji yenye floridi nyingi ya maeneo ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, na vilevile Bonde la Ufa upande wa Kenya, hubadilisha tabaka la juu la jino, na gundi ya waya hushika kwa shida. Jino huandaliwa kwa muda mrefu zaidi au husuguliwa kidogo kabla ya kubandika. Tarajia vibati vinavyoishika waya kwenye meno kubanduka mara kwa mara kuliko kwa mwenzako, na uulize kabisa kama kubandika upya kunatozwa. Rangi ishughulikiwe baada ya waya kutoka.

Matibabu huchukua muda gani, na yanauma?

Waya za kawaida ni mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili na nusu, kwa kuonana na daktari kila baada ya wiki 4 hadi 8. Jino husogea karibu milimita 1 kwa mwezi, na anayekuahidi miezi mitatu kwa meno ya milimita 9 anakudanganya. Maumivu ni ya siku tatu hadi tano baada ya kukazwa.

Nisile nini?

Muwa, mahindi ya kuchoma ya kung'ata gunzini, bisi, kashata, barafu, mifupa ya kuku, bigijii. Ubuyu wa mbegu ni adui wa kimyakimya, mtu anang'ata mbegu bila kukusudia na kibati kinaondoka. Mahindi yapukuchue, embe na mapera yakate vipande, nyama ipikwe mpaka iive kabisa. Mchuzi wa manjano hugeuza vimpira vya waya kuwa njano ndani ya siku mbili, ila haudhuru. Piga mswaki kila baada ya kula. Soda na sukari kwa anayevaa waya huacha madoa meupe kwenye jino yasiyofutika.

Mtoto ameanguka na jino la mbele limetoka lote. Nifanye nini?

Kama ni jino la ukubwani, liokote kwa kulishika kichwa, yaani sehemu nyeupe inayoonekana mdomoni, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze kwa maji kwa sekunde chache bila kulisugua, lirudishe kwenye tundu lake palepale, mtoto ang'atie kitambaa safi, na mwende kwa daktari wa meno. Ukishindwa kulirudisha, litie kwenye maziwa baridi. Kulifunga kwenye tishu likakauka kunaliua. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa. Jino la utotoni lisirudishwe.

Baada ya waya kutoka, meno yatarudi nje?

Yatajaribu. Ndiyo maana kuna ritena, kifaa cha kuyashikilia, ama cha kuvaa usiku ama kijiwaya kilichogandishwa nyuma ya meno. Panga kuivaa kwa miaka mingi, na gharama yake ijumuishwe kwenye makubaliano tangu mwanzo.

Siku ya kwanza niende na nini?

Kadi ya kliniki na orodha ya dawa anazotumia mtoto, eksirei za zamani kama zipo, na picha za wazazi wakiwa vijana, kwa kuwa huonyesha taya linaelekea wapi. Uliza kama daktari amesajiliwa: Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno. Uliza kama ana shahada ya juu ya mpangilio wa meno. Omba mpango wa matibabu kwa maandishi, wenye jina la tatizo, njia iliyochaguliwa na ile iliyoachwa, muda, na gharama zote hadi ritena. Uende na mtoto mwenyewe aulizwe anataka nini, kwa sababu yeye ndiye atakayevaa.